Samahani Uliyoniomba

Dada yangu,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, mguu wa kulia unaendeleaje? Na lile jicho, bado linakuonyesha vitu viwili viwili? Shangazi aliniambia kwenye simu kwamba sasa unatembelea fimbo na umeivalisha kitambaa cha maua. Nilicheka, kisha nikamwaga haraka nikakata simu. Mimi huku ni mzima. Kazi ya vyumba vya baridi ni nyingi, bosi ni mtu wa kelele lakini hana ubaya, na chakula nakula.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote nimeishia kukuuliza kama kuna mvua. Mdogo wako ni mwoga, Dada.

Naikumbuka sana ile miezi ya kuitafuta dawa. Daktari alipokwambia ni MS, kwamba kinga ya mwili wako mwenyewe inatafuna ganda la mishipa ya fahamu, ulimjibu umeelewa, ni panya na waya. Tulidhani dawa tutaichukua duka la pale kona tukirudi. Tukazunguka maduka kumi na moja. Yule muuzaji mwenye miwani aliigeuza karatasi juu chini, akasema dawa hii yeye huisikia tu, nawe ukamuuliza kama huwa anaisikia ikiimba. Lakini tulipotoka ulikaa kwenye ngazi, ukavua viatu. Kisha mfamasia wa hospitali kubwa akakuandika kwenye orodha yake, akasema wagonjwa ni wengi kuliko dawa. Tulisubiri miezi mitano.

Siku alipotuita nilikwenda mimi, kwa kuwa wewe ulikuwa na sare za shule za kumalizia kushona. Alinikabidhi maboksi sita, sindano za miezi sita, akasema ziwekwe kwenye friji na zisigande. Akarudia, zisigande. Nilimcheka. Nilimwambia anaongea na fundi wa mafriji wa miaka kumi na tano, na kama kuna mtu asiyehitaji somo la baridi ni mimi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita wa sindano, mguu ukakugomea kwenye cherehani. Ulikanyaga, haiendi, ukadhani mkanda umekatika, ukaniita niutazame. Mkanda ulikuwa mzima. Daktari akaandika kwenye faili kwamba dawa haikufanya kazi kwako. Uliporudi nyumbani ulinikalisha ukaniomba samahani. Ulisema nimehangaika nawe bure, kwamba mwili wako una kichwa kigumu, umekataa hata kitu chema. Nami nikakujibu usijali. Jibu hilo nalionea haya mpaka leo. Wiki iliyofuata nikakuaga, nikakwambia bosi wa huku ameniomba sana nije. Hakuniomba. Nilimwomba mimi.

Sasa nikwambie. Wiki ile nilipoleta dawa umeme ulikuwa unakatika kila mara, nikaona nizidishe baridi ili zihimili. Nikalifungua friji kwa nyuma, nikalirekebisha lipige baridi kuliko lilivyotengenezwa, na maboksi nikayasukuma mpaka ukutani kabisa. Huo ndio ufundi wangu. Asubuhi nikayakuta yamenata kwa barafu. Nilichomoa sindano moja, dawa ndani imekuwa jiwe. Nikazipanga zote mezani, zikayeyuka, zikawa safi kama maji. Ndipo nikasoma karatasi ya ndani ya boksi. Ilisema ikiganda hata mara moja, itupwe.

Ukatoka chumbani ukauliza mbona dawa ziko nje, nikasema nazihesabu. Niliwaza maduka kumi na moja na ile miezi mitano. Niliwaza pia jinsi nilivyomcheka mfamasia, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nikajiambia wenye kiwanda wanatia chumvi. Dada, nilikuchoma sindano sabini na mbili za dawa iliyokufa kwa mkono huu ninaoandikia, nawe umetazama pembeni kwa sababu unaogopa sindano.

Dawa haikushindwa. Mwili wako haukukataa kitu, haujawahi hata kuionja.

Jumatatu mfamasia alinipigia, akasema kliniki ya Alhamisi jina lako litafutwa kwenye orodha, kwa kuwa faili linasema haikufai. Nikamweleza yote. Akasema hajui kama daktari atakubali kukuanzishia upya, lakini huyo daktari apewe maandishi kabla jina halijafutwa. Ningeweza kumwandikia daktari pembeni, wewe usijue. Nilianza kabisa, mistari minne. Nikaona hapana, nimekuficha vya kutosha.

Msalimie sana Shangazi, mwambie sweta aliyonifumia naivaa kila siku kazini. Wasalimie na wateja wako, hata yule anayelalamikia vifungo. Msamaha siuombi leo, sina uso huo. Ukiniita nitakuja, usiponiita nitaelewa.

Barua hii anakuletea dereva wa kampuni, utaipata Jumatano. Najua ukifika hapa utataka kuichana. Mpe daktari kwanza, aisome yote. Kisha ichane.

Ni mimi,
mdogo wako.