Kufuli Lililokataa Namba ya Babu

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumeanza! Kilomita arobaini na mbili, zote changarawe. Mikono inatetemeka mpaka sasa, hata mwandiko umeharibika. Mashamba kulia na kushoto, yamelimwa vizuri, halafu katikati ya shamba — handaki la vita, limejaa magugu. Mkulima analizunguka kwa trekta kama kichuguu. Kashazoea.

Kaka mbele siku nzima. Mwalimu ni mwalimu tu, hata likizo lazima aongoze mstari. Nikamuuliza kama aliwahi kufika huku. Sijawahi, kasema. Mbona basi hakutazama ramani hata mara moja?

Safari yenyewe ni ya Mama. Babu, baba yake, alipigana huku akarudi mzima. Mama magoti hayamruhusu, basi sisi tupite minara yote ya kumbukumbu kwa baiskeli, tumpelekee picha. Yeye atakuja kwa basi Jumamosi, siku ya kuwakumbuka waliokufa. Amepewa kusoma majina ya watu wa kijiji cha Babu. Karatasi hakuna. Unasimama mbele ya ukuta, unapitisha kidole kwenye jiwe, unasoma kwa sauti jina moja moja na namba yake ya jeshi. Wiki mbili anafanya mazoezi jikoni. Jirani zetu wanajua kila kitu.

Jioni nimekagua baiskeli. Ufundi hauna likizo. Tairi la nyuma la Kaka limekaa chini mno. Asubuhi nilijaza yote mawili mwenyewe, upepo sawasawa. Pancha hakuna. Na mimi ni mzito kuliko yeye (hili lisitoke humu!). Ana suruali mbili na mswaki. Anabeba nini?

Jumanne, 7 Oktoba

Minara miwili. Wa kwanza kando ya mto, umeota kuvu. Wa pili katikati ya njia panda, malori yanaupita yakiupigia honi. Nimepiga picha. Kaka kasimama mbali, kashika mfuko wake wa nyuma.

Nimeuliza una nini humo. Vitabu, kasema. Vitabu gani vinalia kong! kila tukiingia shimo?

Njiani mabango: USIGUSE CHUMA CHOCHOTE. Mwenye duka tulikonunua maji anasema binamu yake aliokota kombora, akataka kulifanya nanga ya mbuzi. Sasa anafunga vifungo kwa mkono mmoja. Nikamtazama Kaka. Kaka akatazama juu, eti anga.

Basi nimefanya jambo la aibu. Alipoenda kuoga nimejaribu kufuli la mfuko. Kwetu kufuli zote ni namba moja — 4183, namba ya Babu jeshini. Aliikwaruza kwenye kikombe chake, kwenye mpini wa jembe, kwenye mlango wa choo! Kibati chenyewe cha jeshini, cha kuvaa shingoni, Mama anacho kwenye kopo la sindano. Hata siku yake ya kuzaliwa Babu alikuwa anaisahau, lakini ile namba ukimwamsha usingizini anaitaja. Nne, moja, nane, tatu.

Limekataa.

Nimejisikia mwizi. Halafu hasira zikanipanda. Miaka yote hii, nani kabadilisha namba kwetu? Nani anamficha nani?

Na kesho, kasema, makaburi ya kilimani, penye ule ukuta wa majina, tutayaruka, njia mbovu. Njia mbovu! Tumenunua matairi ya meno makubwa kwa sababu ya nini?

Godoro langu nimelivuta mpaka mlangoni. Kama ni kombora, angalau nitakuwa wa kwanza kutoka.

Jumatano, 8 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nimemdanganya Kaka kwamba tumbo linaniuma, atangulie. Kaniuliza mara tatu kama niko sawa, kaniachia chumvi na sukari za kukoroga. Alivyokata kona nikapanda kilimani. Njia wala si mbovu. Nzuri kuliko zote tulizopita!

Mtunza makaburi ni mama mmoja mnene mwenye gambuti, anafyeka nyasi huku anaimba. Kanitazama pua.

"Wewe na yule mwalimu mrefu ni ndugu?"

"Mwalimu gani?"

"Wa baiskeli. Alikuja mwaka jana, kiangazi. Alisimama pale ukutani tangu asubuhi mpaka nikamwambia, mwanangu, nafunga geti."

Mwaka jana kiangazi. Semina ya walimu, alituambia. Mama alimfungia na chakula cha njiani.

Nikaenda ukutani. Majina yamepangwa kwa vijiji. Nimekitafuta kijiji cha Babu kwa kidole, kama Mama atakavyofanya. Kipo, safu ya tano. Watu kumi na tisa. Nikaanza kusoma. Wa kumi na moja ni Babu.

Babu! Majina yake yote matatu, lile la katikati ambalo watu hulikosea halijakosewa. Waliokufa vitani. Babu aliyenifundisha kuziba tyubu, tuliyemzika mimi nikiwa darasa la nne.

Nikacheka kwanza. Karani kalala, nikasema. Kisha nikaona namba. 2716.

Nimemuuliza yule mama kama namba hukosewa. Majina ndiyo, anasema, namba hapana. Zilisomwa kwenye vibati walivyovuliwa shingoni wakati wa kuzikwa. Aliyekufa hapa na jina hili alikuwa na kibati cha 2716, basi.

Nimerudi ukutani, nimeisoma tena ile namba.

Kwa hiyo mwenye jina yuko chini hapa. Aliyerudi nyumbani ni 4183. Jina aliokota kwa maiti, kwa sababu gani sijui — alitoroka? alikosana na wakubwa? — lakini namba yake ilimshinda kuiacha. Ndiyo maana aliikwaruza kila mahali. Ndiyo maana kijijini kwao hatukupelekwa hata siku moja. Kiliungua chote, alisema. Nimemuuliza mtunza makaburi. Kijiji kiko hapo bondeni, kina shule.

Nimempenda yule mzee. Bado nampenda. Nikampenda nani lakini?

Na Jumamosi Mama atafika mbele ya kipaza sauti, kidole juu ya jiwe, wa tisa, wa kumi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Hatukuendesha. Kaka kaenda kutafuta betri za tochi.

Nimejaribu 2716. Kufuli limefunguka mara moja.

Nyundo. Patasi mbili, moja mpya bado ina mafuta. Kitambaa cha kuzuia vumbi.

Nimefunga. Nimerudisha sifuri nne kama nilivyozikuta. Alivyorudi nikamwambia betri alizonunua ni kubwa. Tukacheka wote wawili. Mimi pia ni mwongo mzuri kumbe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye nyasi, kilimani. Kaka anadhani naandika kilomita.

Mama kapiga simu asubuhi. Basi lao limeshaondoka, watalala mjini. Kibati cha Babu kakitia uzi, kiko shingoni. Nikamuuliza, amekula vizuri? Amekula. Sauti je? Akanisomea majina ya kubuni kwenye simu, abiria wenzake wakampigia makofi. Nikamwambia afunge dirisha la basi, upepo. Kama ningemwambia la ukutani, ningeanza vipi?

Baada ya simu Kaka kasema ghafla tupite kilimani, kumbe njia si mbovu sana. Kasema bila kunitazama.

Mtunza makaburi Ijumaa hayupo. Hilo Kaka alilijua, mimi sikulijua.

Tumepanda. Nilimwacha mbele makusudi, nikasikiliza lile kong. Leo limelia jepesi. Kwake labda ni changarawe imelowa. Asubuhi alipokuwa anapiga mswaki nimezitoa patasi. Ziko kwenye koti langu, zinanichoma mbavu. Nyundo nimemwachia, ya uzito.

Namhurumia. Mwaka mzima amebeba hili peke yake ili Mama asiangushwe na jiwe. Nikimtazama mgongo nataka kulia. Lakini yule wa kumi na moja naye? Jina tulikula nalo, tukasoma nalo shule, tukazikia nalo mtu. Hapa ndipo pekee alipobaki nalo. Tumfute na hapa?

Kaka kanituma maji kwenye bomba la getini. Nikasema chupa yangu imejaa. Kasema basi nipige picha mnara wa upande ule. Nikasema mwanga mbaya. Amenitazama kama mwanafunzi aliyempatia jibu kwa kuibia.

"Mdogo wangu," kasema, "leo una nini?"

"Sina kitu, Kaka."

Uongo. Na hapo hapo patasi zimegongana kotini, nadhani kasikia.

Amevuta baiskeli mpaka safu ya tano. Kapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma, kanigeuzia mgongo, kashika kufuli. Simu ya Mama inaita mfukoni mwangu. Sipokei. Naona kidole gumba chake kinazungusha.

Mbili. Saba. Moja.