Konsolata Kaenda Tena kwa Hamisi

Jumapili. Mvua imekatika saa nane, ukungu umelalia migomba.

Nyumba yangu ndiyo yenye intaneti kali kuliko zote hapa Heru Juu.

Uongo. Ndiyo pekee yenye waya wa simu, kwa hiyo ni ya kwanza na ni ya mwisho pia.

Leo tena Konsolata, mke wangu, amejifunga kitenge kipya, akapanda bodaboda kwenda Kasulu mjini kwa Hamisi mwenye duka, eti amwone mjukuu wetu kwenye kompyuta. Kitenge kipya! Kanisani alivaa cha zamani.

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. Unapiga makofi taratibu, unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya ng'ombe. Kwangu mtoto akiinua mikono apige makofi, picha inaganda. Simu ya mezani ikilia, picha inakufa kabisa. "Baba Neema, mtoto hata hajamaliza kunisalimu," akasema mama huyu, akaondoka. Hamisi, mgane mwenye ndevu za hina, anaishi nyuma ya jengo la mitambo ya simu. Kwake salamu inafika mwisho.

Juzi nilimfuata dukani nimgombeze. Akanifundisha, tena kwa upole, mshenzi yule. Waya wa shaba ni ule ule mmoja: sauti hupita na mtetemo wa polepole, intaneti hupita na mtetemo wa kasi, hazigongani. Ila huu wa kasi huchoka mapema. Waya toka mitamboni ukiwa mrefu, intaneti inafika inahema, kama mimi nikipanda kutoka sokoni.

"Na kile kichujio cheupe cha kwenye simu unacho, mzee wangu? Ndicho kinachozuia simu isiivuruge intaneti."

"Kipo," nikasema.

Hakipo. Nilidhani kinakula spidi, nikakitumbukiza chooni wiki ile ile fundi aliyonifungia.

Umbali siuwezi, kilima ni cha Mungu. Ila hilo la kichujio ni langu mwenyewe.

Hamisi, najua unanisoma kwenye blogu hii, unacheka peke yako hapo kaunta. Siku ulipopitisha waya darini kwako dukani, nani alikushikia ngazi tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri? Ukasema, "Mzee wangu, wema huu nitaurudisha."

Urudishe. Niletee kichujio kimoja kabla ya Jumapili ijayo. Na ukifunge kwenye gazeti, Konsolata asikione.