Kitabu Kilicholiwa Mwisho

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakuombea uzima huko ugenini. Huku Kibokoni hatujambo. Mamako karudi Marikiti sasa hivi na maembe, na anakusalimu sana. Mimi tu na wasiwasi wangu, nitakueleza mbele.

Waniuliza kwa nini narudia kitabu kimoja ilhali vipya ulivyoniletea vimejaa kabatini. Nilipokuwa kigoli, wanawake wa nyumba yetu walikaa ukumbini wakishona kofia, nami nikiwasomea hadithi ya kitabu hicho. Shangazi yangu Mwanasha alikuwa akimshonea mumewe, aliyekuwa safarini, na habari zake zilikuwa zimekatika. Siku moja nikafika pale kijana wa hadithi ameugua ugenini, nikafunua, kumbe kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Sindano zote zikasimama. Hakuna aliyethubutu kumtazama shangazi.

Akasema, "Rudi mwanzo, mwanangu. Huko angali mzima."

Nikarudi mwanzo, na sindano zikaendelea.

Sasa, mjukuu wangu, Jumatatu natolewa mtoto wa jicho. Daktari asema ni jambo dogo, lakini jicho lenyewe ndilo hili moja lililobaki. Hata tasbihi nikishika, nasahau nilipofikia. Kile kitabu cha mwisho ulichoniletea, ambacho nawe unacho, nimefika pale bibi harusi anapotoroka.

Nipigie simu nikiwa nimefungwa bendeji, unisomee. Lakini usianzie kwenye harusi. Anzia mwanzo, mamangu. Huko nilikuwa naona.

Bibi yako,
Fatuma