Kalunde, Mwanao Anataka Kufokewa

Kalunde mwanangu,

Mimi mama yako. Mwandiko usiucheke. Nimechoka, mgongo umekwisha. Umejifungua, ukafa palepale, ukaniachia mtoto mchanga na umri wangu huu! Haya.

Yu hai. Alikuja kabla ya siku zake, kadogo kama kifaranga. Nesi pale hospitali ya Kitete akaniambia nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi, nimfunge kanga. Nikamwambia sisi mtoto anakaa mgongoni. Akasema, "Bibi, huyu anataka joto lako." Basi napika naye, nafagia naye, kanisani naye. Maziwa namnywesha kwa kikombe, tone kwa tone, mpaka shingo inanikakamaa.

Lakini kulia! Alilia mpaka sauti ikamkauka, maziwa anatema, mbavu zikaanza kuonekana. Niliogopa, Kalunde. Wazee wakasema mtoto analilia jina la marehemu. Mimi sikutaka. Tangu tukuzike, jina lako nilikuwa siwezi kulitamka. Mama Zaituni jirani, unamjua mdomo wake, akanijia juu: "Dada, mpe mtoto jina, au unangoja tumzike na huyu?"

Nikampa. Nikampaka maji kwenye paji la uso, nikamwita kwa upole: Kalunde. Akazidi kulia. Nikamwita tena. Wapi! Uchovu ukanipanda kichwani, nikafoka kama nilivyokuwa nakufokea wewe: "We Kalunde! Huoni watu tumechoka? Nyamaza unywe maziwa, mkaidi mkubwa!"

Akanyamaza. Akanikodolea macho. Akanywa, akamaliza.

Mama Zaituni alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, mimba nzima ulikuwa unamfokea mama yake. Mwenzio sauti anayoijua ndiyo hiyo!" Mimi nikalia mbele ya watu, jambo ambalo hata makaburini sikulifanya.

Sasa anaongezeka, mashavu yanakuja. Nalipigia kelele jina lako tangu asubuhi, mpaka wapita njia wasiojua msiba wanadhani bado upo, na bado mvivu.

Kwaheri, mwanangu. Ya huku yasikuhangaishe. Sitamtua huyu mpaka awe na nguvu zake, na akishazipata nitamkimbiza uani kwa fimbo ya mfagio kama nilivyokukimbiza wewe. Anaanza kujinyonganyonga hapa kifuani, ananisukuma kalamu.

Lala wewe. Mimi silali, lakini simtui.

Mama yako