Shimo la Baba Mdogo

Kiwanjani, Isiolo

Kaka Ekuam,

Habari za Nakuru? Huku mvua imekataa, lakini mbuzi wa jirani yetu Roda amezaa mapacha. Mimi bado nafundisha watoto mraba na mstatili.

Tangu useme unarudi kudai ploti ya marehemu baba, Baba Mdogo Lokuruka anachimba shimo nyuma ya nyumba. Anasema ni choo. Choo chetu cha zamani ni mraba, pande zote sawa. Hili nililipima: upana futi mbili na nusu, urefu futi sita.

Jana aliniuliza, "Akolong, ndugu yako siku hizi ana urefu gani?"

"Ni mfupi tu," nikamdanganya.

Akacheka. Leo asubuhi ameongeza upande ule mrefu.

Usije, kaka.

Dada yako,
Akolong