Mama Kiraka, Meza Yako Imesimama Tena

Mwaka mmoja umekatika, mke wangu, tangu ulipotutoka, na ile pasi uliyoifunga mpini wa mwiko bado inapiga nguo. Nimeanza na pasi kwa sababu najua ndilo lingekuwa swali lako la kwanza. Inapiga. Na mimi nipo, ingawa hujaniuliza.

Binti yetu ameketi pembeni yangu hapa ninapoandika. Shule yangu iliishia njiani, wewe unajua, kwa hiyo ananisahihishia herufi. Ananisahihishia na maneno. Kila nikiandika "wakubwa" anakohoa. "Baba, hii ni kumbukumbu ya Mama, siyo mashitaka." Nimemwambia mama yake alinikubali nikiwa hivi hivi. Wewe ndiye uliyeniita Mzee Lawama, mtaa ukaliokota jina, na mpaka leo naliitikia.

Wewe wakakuita Mama Kiraka. Ulilipenda jina hilo kuliko ulilopewa na wazazi.

Ulikuwa na namna yako ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kitu kikiharibika hukukitupa, wala hukukimbilia kukitengeneza. Ulikiweka mbele yako ukakihoji, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Haya, bibi Ndoo. Maji yamekushinda. Unaweza nini kingine?" Halafu unanyamaza, unangoja. Mimi napita nyuma yako nasema, imekujibu? Unasema, "Wewe pita, unaitia aibu." Kesho yake ndoo imetundikwa kwenye kamba, ina vibanio vya nguo.

Shuka letu la harusi lilipochakaa katikati ulilichana, ukageuza pembeni kuwa katikati, ukaliunga kwa mshono mmoja mrefu. Nikalalamika kwamba mshono unanichoma mgongoni. Ukaniambia huo ni mpaka, nisiuvuke bila hodi. Lilipochoka tena likawa foronya, foronya zikawa vitambaa vya kufutia vyombo, vitambaa, isipokuwa kimoja, vikawa tambara la kudekia. Mwezi uliopita nilikuwa nadeki nikaona ua moja la shuka lile, limefifia lakini lipo. Nilisimama na ndoo mkononi kwa muda. Kisha nikadeki, maana ungenisuta.

Viti vya plastiki vilivyopasuka ulivitoboa kwa msumari wa moto, ukavishona kwa waya kama nguo. Kandambili zilizokatika zilikuwa bawaba za banda la kuku. Soksi zangu ziliendelea na maisha yao mahali ambapo sikuulizwa.

Wapo waliosema ni ubahili. Bahili hampi mtu kitu. Wewe mwavuli wa jirani ulikuwa unapona kabla ya wetu, sisi tukilowa.

Na meza. Lazima niiseme meza, kwa sababu habari yote ni yake.

Ulipata mlango wa zamani uliotolewa kwenye jengo lililovunjwa, ukaulaza, ukautafutia miguu. Mguu wa kwanza ulitoka kwenye kitanda chetu cha awali. Wa pili ni chuma cha cherehani iliyokufa. Wa tatu ulikuwa kwenye stuli ya kinyozi. Wa nne ni lile bomba ambalo wakubwa wa mji walituletea kwa hotuba na makofi, likaegemezwa ukutani, lisitoe hata tone. (Binti amekohoa.) Ukaliangalia siku moja ukasema, "Wewe bwana, hapa huna kazi. Njoo ubebe chakula." Miguu yote uliifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, hukutaka misumari, ili meza ifunguke siku ya kuhama au siku ya sherehe.

Kitasa hukukitoa. Ukaweka sheria: mlango ni mlango hata ukilala. Mtu haanzi kula mpaka agonge mezani aseme hodi, nawe useme karibu. Watoto wetu wamekua wakigonga. Wajukuu wakagonga. Hata mimi, nikirudi na hasira zangu za mchana kutwa, nilikuwa nagonga. Ukichukia nami hukusema karibu mpaka chakula kianze kupoa. Ulisema chakula kikipoa na hasira zangu zinapoa.

Siku ile ya mwisho sitaki kuieleza sana. Kifua kilikubana, tukapiga simu, tukaambiwa gari la wagonjwa lipo ila limewekwa juu ya mawe, gurudumu halina, kifaa kimeagizwa. Tulikupeleka kwa gari la muuza mkaa. Umelala pale kwenye magunia, pumzi inakuja kwa taabu, ukacheka. Ukaniambia, "Gari zima limelala kwa ajili ya kitu hicho? Si wangeniletea mimi." Ndilo neno la mwisho nililolisikia vizuri. Wenye gari lile kama wanasoma, wasome mara mbili. Binti yetu safari hii hakukohoa.

Ulipoondoka nilikiacha kila kitu pale ulipokiacha, uani na kibarazani. Birika zinazongoja midomo, redio iliyofunguliwa tumbo, viti, makopo, meza. Ndipo akaja bwana usafi kutoka ofisi ya mtaa, ana shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Akasema mji unapambwa, vitu vikuukuu visionekane nje, kesho yake lori litapita kuzoa.

"Hivi ni vya marehemu," nikamwambia.

"Pole sana, mzee. Na vyenyewe ni marehemu."

Ningemvaa, mke wangu. Kinyozi jirani yetu alinishika mkono.

Lori lilipokuja nilikaa kizingitini nimekunja uso, sina la kufanya. Wapakiaji wameshika kiti cha kwanza, mara fundi cherehani, shoga yako, akatoka mbio na sindano ikiwa bado mdomoni. "Hicho changu, nilikileta kutengenezwa." Akakinyang'anya. Kinyozi naye akaja na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. "Sufuria hiyo yangu." "Ndoo yetu hiyo." "Redio ya babu yangu hiyo, weka chini taratibu." Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema kweli. Mwanamke mmoja alidai jiko, akaulizwa lina alama gani, akasema, "Lina moshi." Hata dereva wa lori akageuza uso akacheka. Mtaa mzima ulibeba vitu vyako ukavificha majumbani, na meza ikafunguliwa vipande vipande, miguu ikaenda kwa majirani, mlango ukaingizwa chumbani kwangu. Lori liliondoka na kitu kimoja tu. Bwana usafi alilitambua bomba. Akasema hiyo ni mali ya umma.

Baada ya hapo wakasimika bango mbele ya mlango wangu: marufuku kuweka vitu vikuukuu hapa. Mimi ndiye kikuukuu pekee kilichobaki, nikawa naingia na kutoka mbele ya maandishi hayo.

Vitu vyako vilikaa huko vilikofichwa, na kwa haraka ile vilikuwa vimechanganyikana. Sufuria kubwa ilikwenda kwa kinyozi, mfuniko wake ukaenda kwa fundi cherehani. Kinyozi akitaka kupika lazima avuke njia akaombe mfuniko. Mwanzo walikuwa wanagombana. "Kila siku wewe, hujui kula mkate?" Siku hizi sisikii ugomvi. Juzi nimemwona anakwenda kuomba mfuniko na sufuria hajaiteleka. Nakuachia wewe. Ulisema yule fundi hataki mtu, nikakubishia.

Nyumbani kwangu nilikuwa nakula sahani ikiwa magotini. Binti yetu akaja akanikuta hivyo, akaninunia. Akasema ataniletea meza ya dukani, yenye miguu inayofanana. Nikakataa. Akasema, "Baba, ile meza haipo tena. Kuna mlango umeegemea chumbani kwako." Tukabishana mpaka tukachoka, mwisho tukakubaliana. Siku ya kutimiza mwaka wako, ile meza ikisimama watu wakala juu yake, inabaki. Isiposimama, analeta mpya, na mlango unapasuliwa kuni. Nilikubali kwa sababu ya kiburi. Mguu wa nne nilikuwa sijui nitautoa wapi.

Jumapili iliyopita wakaja. Hakuna aliyekuja na mkono mtupu. Kiti kimerudi na waya mpya, umeshonwa vibaya, fundi cherehani anasema plastiki haina adabu ya kitambaa. Birika ina mdomo uliotazama upande. Redio inaongea, ila ukiigeuzia ukutani tu. Watu hawa wote walikuwa wanakuletea wewe, mke wangu, na mwaka huu, kwa kuwa hukuwepo, wamejaribu wenyewe. Wamejaribu vibaya kweli. Ungefurahi mpaka ukae chini.

Tukautoa mlango chumbani, tukauleta uani. Mguu wa kitanda ukaja, wa cherehani ukaja, wa stuli ukaja. Tukafunga. Pembe ya nne ikaning'inia.

"Tuweke matofali," kinyozi akasema. Yakawa mafupi.

"Mimi nitaishika," akasema mjukuu wetu wa kike. Tukamuuliza atakula lini.

Binti yetu aliutazama mlango, akanitazama mimi, na niliona hana raha ya kushinda. Nikatoka nje nisionekane.

Huko nje ndiko kulikuwa na bango. Wenyewe walilisimika juu juu, hawakushindilia udongo, na mvua za karibuni zilikuwa zimelilaza mlangoni kwangu. Sikuling'oa mimi, naomba hilo lisomeke vizuri. Nililiruka kwa hasira kama ninavyoliruka kila siku. Kisha nikarudi nyuma. Nikachuchumaa. Nguzo yake ni mbao ngumu, imenyooka, imepakwa rangi. Nikajisikia nasema, tena kwa sauti, "Haya, bwana Bango. Kukataza kumekushinda. Unaweza nini kingine?"

Nikanyamaza, nikangoja. Mke wangu, miaka yote ile nilikuwa nakucheka. Ukingoja vizuri kitu kinajibu.

Nilipogeuka, binti yetu alikuwa amesimama mlangoni amejiziba mdomo. Sikujua analia au anacheka, na naye hakujua. Akaleta msumeno.

Nilifunga mguu wa nne mwenyewe, kwa mpira wa baiskeli. Nimeulowesha kwanza, nikavuta, nikazungusha nikarudisha chini yake, mkia nikauacha bila kuukata, kama ulivyokuwa ukifanya nikikuuliza kwa nini usiukate na wewe ukisema utakuja kuhitajika. Meza inayumba kidogo upande wa serikali. Lakini imesimama. Ubao wa maandishi tumeupa kazi ya kufunika pipa la maji, maneno yakiangalia ndani ili yasisumbue watu. Bwana usafi akilitaka aje, atalikuta kazini.

Tukaandaa chakula. Watu wakakaa, na kila mtu akagonga mlango, wakubwa kwa watoto, hata yule mteja wa kinyozi ambaye tangu siku ile ya lori amekuwa wetu. "Hodi," wakasema wote.

Mikono ikabaki mezani ikingoja. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulihangaika na miguu, tukasahau kwamba karibu ilikuwa yako.

Chakula kikaanza kupoa kidogo kidogo. Mjukuu wetu akagonga tena, polepole, akanitazama. "Hodi, Babu."

Nikaweka kiganja juu ya kitasa.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni ndani."

Wakala, wakamaliza, wakakwangua sufuria. Binti yetu ndiye aliyefuta meza, kwa kile kitambaa kimoja cha shuka kilichosalia. Hajataja tena meza ya dukani.

Unakumbukwa na mimi mume wako, Mzee Lawama, binti yako anayenisahihishia na anayesema nimeandika mno, mwanao wa kiume aliye mbali, ambaye amegonga meza ya chumba alichopanga na kutupigia simu tumjibu, wakwe zako, wajukuu zako, na hasa yule aliyegonga mara ya pili, shoga yako fundi cherehani na kinyozi wa sufuria, na mtaa wako wote wenye viraka vilivyopinda.

Tutakukumbuka siku zote, Mama Kiraka, na kila mara kitu kikivunjika tutakukumbuka zaidi. Huku vitu vinavunjika kila siku.