Jogoo wa Maktaba

Kaka yangu,

Sisi wazima, magoti ya Mama tu ndiyo yanalalamika. Sasa kaa chini nikusimulie. Mvua imebandua rangi ya maktaba, lile jengo la zege unaloliita gereza, na chapa za mbao alizopigilia marehemu Baba ili zege limwagwe ndani yake zimejitokeza ukuta mzima, hadi vifundo. Limependeza, nakuapia. Na pale ngazini nimemkuta jogoo wako! Yule uliyemchonga kwenye mlango wa jikoni, kabla Baba hajaung'oa alipopungukiwa mbao za kushikia zege, Mama akanuna wiki nzima. Sasa ametuna ukutani, hata kucha zake zinashikika.

Mwezi ujao wanalibomoa. Msibani ulisema Baba hakukuachia kitu. Njoo umshike.

Mdogo wako,
mwenye vumbi la zege viganjani